Ubao wa Malkia na Bastola Yangu Amálie

Jumatatu, 16 Septemba

Nimempangusa Amálie kwa mafuta. Niliwapangusa bastola zangu wote sita, lakini Amálie nilimpa zamu mbili. Bastola yoyote ya siku hizi hujijaza yenyewe baada ya kila risasi; Amálie hujijaza kwa heshima. Chuma cheusi, mpini wa mti wa mjozi. Katika kijiji chetu kizima cha Kozlovičky hakuna bastola ya kumfikia.

Květa, mke wangu, aliingia stoo na chupa nne za jemu ya plamu. Hakupata pa kuziweka. Sefu yangu imekaa pale zilipokuwa rafu zake. Akauliza kama huyo Amálie naye anakula jemu. Nikaendelea kupangusa.

Kisha akatoa hukumu. Tarehe 28, siku ya Mtakatifu Václav, klabu yetu ya kulenga shabaha inashindania ufalme. Nikirudi na mkufu wa Mfalme shingoni, sefu itabaki. Nikirudi shingo tupu, bastola tano zikatafute bwana mwingine. Moja inatosha, asema. Yeye ameolewa na mwanamume mmoja tu na hajafa.

Nilikubali papo hapo! Miaka ishirini na miwili klabuni. Miaka thelathini nakagua mizani za mabucha wa wilaya hii, na gramu haijanipita. Nani anajua usahihi kunishinda?

Jumatano, 18 Septemba

Mazoezi. Aibu.

Malkia wa sasa ni Bi Drahomíra Hanzlíková, mjane, karani mstaafu wa posta. Ametwaa mkufu miaka mitatu mfululizo kwa bastola kuukuu ya klabu, mpini wake umefungwa utepe wa fundi bomba. Kuitazama ni uchungu. Risasi zake zote huingia tundu moja.

Nilimweleza, kwa wema tu, namna ya kupiga. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Pumzi itolewe nusu. Kifyatulio kibonyezwe polepole mpaka mlio ukukute hujajiandaa. Alisikiliza kwa adabu. Kisha nikapiga risasi kumi. Zote chini kushoto. Nikasema ni upepo. Tulikuwa ndani ya jengo.

Bi Drahomíra akaomba magazini yangu, kile kikasha cha risasi. Akanipa mgongo, akachanganya humo risasi bandia mbili bila kuniambia ni ya ngapi na ya ngapi. Nikapiga. Ya tatu ikawa bandia. Mlio hakuna. Lakini mkono wangu ungejuaje? Amálie aliinama kama kuku anayedonoa mahindi. Klabu nzima iliona. Mwenyekiti Ctibor akauliza kama nimeangusha kitu.

"Unauogopa mlio, Bwana Inspekta," akasema Bi Drahomíra. "Unaizaba bastola kibao kabla haijafungua mdomo."

Dawa yake eti ni kubonyeza bastola tupu mara mia kila siku, mwezi mzima. Mwezi! Mimi nina siku kumi.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimepata! Sikulala vizuri, lakini nimepata!

Mizani inayopunja gramu kumi kila mara si mbovu. Ni mwaminifu katika upunjaji wake. Huitupi. Unageuza skrubu, unagonga muhuri, unaenda kula. Sasa mimi hupiga chini kushoto kila mara. Kila mara! Huo nao ni usahihi. Kwa nini nimtibu mtu wakati bastola ina skrubu?

Nimekwenda klabuni mapema, peke yangu, na bisibisi ndogo. Kile kidude cha nyuma cha kulengea kina skrubu mbili, na hulia tik kila ukizigeuza kidogo. Nimempandisha Amálie tik kumi na moja juu, tik tisa kulia. Nikapiga risasi kumi.

Nane zimeingia katikati. Nane! Mwenyekiti Ctibor, aliyekuja kufagia, alikagua karatasi mara mbili, akauliza kama ni yangu kweli. Nikamwambia ni matunda ya mazoezi. Nimemhurumia Bi Drahomíra. Aliuzoea ule mkufu.

Jumapili, 22 Septemba

Tatizo dogo. Ili hesabu yangu ikae sawa, sharti nishtuke vilevile kila mara. Nikishtuka kidogo mno, nitapita juu. Inahitajika nidhamu.

Nimesimama mbele ya kioo cha chumbani na bastola tupu, nikishtuka. Nimeshtuka mara arobaini, kwa kipimo kimoja. Květa alipita na nguo za kupiga pasi, akauliza kama amwite daktari. Nikamweleza nafanya mazoezi ya kushtuka. Akasema ningemwambia mapema, ana habari za kunishtua tangu tuoane.

Jumanne, 24 Septemba

Leo ni siku ya jina langu, Jaromír, katika kalenda. Majirani wamepita kumpongeza Jaromír, na Jaromír amewakaribisha maandazi ya plamu. Květa amenipa zawadi: vikinga-masikio vyekundu, vya betri. Sauti za watu hupita, mlio wa risasi hubaki nje. Vinang'aa!

Baadaye akaropoka kwamba alimwomba Bi Drahomíra ushauri dukani. Nilishuku hila. Nimevikagua ndani na nje, sikuona kitu. Nitavivaa Jumamosi kwa mara ya kwanza, mbele ya watu. Kitu kizuri hakianzwi mazoezini.

Alhamisi, 26 Septemba

Ubao umezinduliwa baani. Desturi yetu ni kwamba anayeshika ufalme huagiza ubao wa mbao uliochorwa, na siku ya shindano kila mtu huupiga risasi moja tu. Aliye karibu zaidi na katikati ndiye Mfalme. Kila tundu huzibwa kwa kijiti chenye jina la mpigaji, na ubao hutundikwa baani milele. Vijiti vyangu vya miaka iliyopita viko kwenye kwato za ng'ombe, kwenye bwawa, kwenye fremu. Mwaka mmoja nilipiga ukuta. Mwenye baa alikataa kuutundika.

Bi Drahomíra amechoresha posta ya zamani. Katikati, sanduku la barua la rangi ya chungwa. Ndiyo shabaha. Juu kulia kuna dirisha, na ndani yake yupo yeye mwenyewe akilamba stempu. Amefanana hasa, pua hasa. Chini kushoto kuna mbwa. Mwenyekiti Ctibor alinishika mkono, akaniomba mbele ya watu nimhurumie mbwa.

Cheka, Ctibor. Cheka.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika kwa taabu.

Bendi ilipiga. Bata bukini walikuwa wakiokwa. Hakuna aliyegusa slivovice, ile pombe kali ya plamu, maana hapa hainywewi mpaka silaha zote zimefungwa, kwa hiyo wanaume wote walikuwa na nyuso za msibani. Nilivaa vikinga-masikio vyekundu. Watu walivitazama. Niligeuka mara mbili ili na wa upande wa pili wavione.

Ctibor akapiga. Nilisikia kama kitabu kimeanguka chumba cha jirani. Basi? Hiki ndicho nilichokiogopa miaka ishirini na miwili?

Zamu yangu. Miguu, mabega. Nusu pumzi. Nikabonyeza polepole, na mlio ukanikuta sijajiandaa. Amálie hakuinama hata unywele. Kwa mara ya kwanza maishani niliona shabaha imetulia mbele ya macho yangu wakati risasi inatoka. Ilikuwa nzuri mno. Machozi yalinilenga.

Kukawa kimya. Nikadhani ni vikinga-masikio. Nikavivua. Kimya kilikuwa cha watu.

Mbwa alikuwa mzima. Sanduku la barua lilikuwa zima. Tundu lilikuwa dirishani, juu kulia. Nilikuwa nimempiga Malkia puani.

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Drahomíra alikaa chini akacheka mpaka akaombewa maji. Kisha akafuta macho, akaniuliza nani amechezea skrubu zangu. Nikasema hakuna. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba hiyo ndiyo risasi safi kuliko zote nilizowahi kupiga, mkono umesimama kama nguzo. "Rudisha skrubu zilipokuwa, Jaromír, na usivue hivyo vyekundu. Mwakani mkufu ni wako." Akainuka, akalitoboa sanduku la barua katikati kabisa. Mwaka wa nne.

Jioni ubao ulitundikwa. Kijiti chenye jina langu, J. Pospěch, kinatoka tundu la kushoto la pua yake. Květa alikitazama sana, kisha akaitazama shingo yangu. Alijiongezea bata.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimewapanga wote sita kitandani nichague mmoja. Inauma. Nilikaa nao saa nzima, kisha nikafuta uso na kufikiri kama mtu wa ofisi. Nani amenisaliti?

Mkono? Ulisimama kama nguzo, shahidi ni Bi Drahomíra mwenyewe. Skrubu? Zilijaribiwa Ijumaa, nane kwa kumi. Anabaki Amálie. Ameharibika mwenyewe, kimyakimya, ndani. Na vile vikinga-masikio vimemsaidia: vinaiba mlio, na bila mlio mtu atashtukaje? Nimemrudishia Květa. Huvivaa nikianza kueleza haya.

Atakayebaki ni Kornelie. Ndiye mwenye mlio mkubwa kuliko wote. Akipiga, madirisha ya klabu hutetemeka. Kwa Kornelie nitashtuka bila kukosa.

Wanne wamepata mabwana wengine klabuni; Amálie amechukuliwa na Bi Drahomíra. Alikuja na vibali vyake vyote, mikono imeoshwa. Nilimwonya kiungwana kwamba ananunua kitu kibovu, nisije nikamdhulumu mjane. Akasema atavumilia. Pale pale klabuni akashika bisibisi: tik kumi na moja chini, tik tisa kushoto. Akapiga tatu. Tundu lilikuwa moja.

Bahati tu. Nilitoka nje kidogo, nikawaambia ni moshi umeniingia machoni.

Niliporudi ndani nilimkuta Kornelie peke yake mezani. Nimempandisha tik kumi na sita juu, tik kumi na mbili kulia. Mwakani watanitambua!