Mzee Mbwana, Namba Saba

Jumatatu, 6 Juni 1994
Vyama vyetu viwili vya kuzikana, cha Kimara na cha Manzese, vimekubali kuwa kimoja. Katibu atachaguliwa Jumapili. Kimara katibu ni mimi. Manzese ni Mwalimu Bupe, mwenye daftari lenye jalada la gazeti. Daftari, mwaka huu! Mimi nina cheti cha kompyuta, miezi mitatu, Kariakoo. Nimemwahidi mwenyekiti wetu, Mzee Mbwana, orodha moja iliyochapwa. Akasema yeye anataka tu watu wajuane.

Jumatano, 8 Juni
Nimeshinda kwa Albano, mwenye duka la kuchapa barua pale Ubungo. Ana kompyuta. Lugha ya kompyuta ninayoiandikia programu, Paskali, ni kali: kila kisanduku ukitangaze mapema na useme kitaingia nini. Pa namba, namba. Pa jina, jina. Orodha yangu imetulia humo kama wanafunzi mstarini. Kisha nikafungua daftari la Bupe, aliloniletea mwenyewe hapo dukani. Balaa! “Anaosha maiti za kike.” “Asiambiwe ghafla, moyo wake mbovu.” “Alitutoka Februari.” Kila mtu na lake, na hakuna nililolitarajia. Nikamuuliza Bupe kwa nini haandiki kwa utaratibu. Akajibu kwamba watu wenyewe hawakuja kwa utaratibu.

Ijumaa, 10 Juni
Nimepata! Kisanduku kimoja kirefu, MENGINEYO, kinachopokea chochote bila kuuliza. Programu inasoma orodha zote mbili. Ikikuta namba ileile ya uanachama, inaunganisha: jina inachukua kwangu, mengineyo kwa Bupe. Albano akauliza kama nimeona kwamba vyama vyote viwili vilianza kuhesabu wanachama tangu moja. Nimeona, nikamwambia, ndiyo maana vinaoana vizuri hivi. Wanachama mia na ishirini wameenea kwenye mistari sitini. Karatasi mbili tu! Albano akaenda kunywa chai. Wivu.

Jumapili, 12 Juni
Nilisoma orodha mbele ya wote. Watu wa Manzese wakaanza kuulizana mbona hawatajwi. Nikapaza sauti. Namba tatu, Benedikto, anaosha maiti za kike. Nilikuwa nimeshalitamka ndipo nikakumbuka kwamba Benedikto ni mimi. Wakacheka. Nikakaza mwendo nimalize. Namba saba, Mbwana, alitutoka Februari.

Kicheko kikakatika. Mzee Mbwana akalaza bakora yake chini.

“Endelea, mwanangu,” akasema. “Nataka kujua walionizika.”

Namba saba wa Manzese alikuwa Mwishehe, marehemu mume wa Bi Tabu. Naye Bi Tabu alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Akaniomba karatasi. Akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi mwisho, akarudia.

“Mwanangu, Mwishehe wangu umemweka wapi?”

Jina lake nililifuta. Kilichobaki ni kufa kwake tu, tena nimempa mtu mwingine. Bi Tabu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Bupe amechaguliwa kwa mikono yote. Hata wangu.

Jumatatu, 13 Juni
Nimekwenda Manzese kumwomba radhi Bi Tabu. Akanipa chai, akanisimulia jinsi Mwishehe alivyokuwa akifunga maturubai ya msiba, hataki fundo la mtu mwingine. Nimesikiliza karibu saa nzima. Hayo yote yasingeenea kwenye kisanduku chochote, nami nimeondoka nikiwa na huzuni ya kweli.

Njiani nikapita kwa Bupe. Akanionyesha alivyoniandika: “Benedikto, wa Kimara. Hufika msibani wa kwanza, hubeba viti. Asipewe orodha.” Nimesoma mara mbili. Machozi yakanilengalenga. Hakuna aliyewahi kuniandika vizuri namna hii.

Nimetembea hadi kituoni nikitafakari, na kosa sasa nimeliona. Mtu si namba. Mtu ni jina lake! Kesho asubuhi niko kwa Albano, naunganisha upya, safari hii kwa majina. Daftari la Bupe nimelipekua kabla ya kuaga. Akina Tabu wako wanne. Wataenea mstari mmoja.