Jabali na Joka Lililolala Ndooni

Nyamazeni, enyi wenye masikio; nanyi mnaotafuna, tafuneni polepole, kwani habari hii ni kubwa na karanga zenu zina kelele. Nitawasimulia vita vya Jabali, simba wa ngazi, mpanda chuma, kijana mwembamba hata kivuli chake huona haya kutoka peke yake. Jinsi alivyopigana na giza katika mnara wa nyumba ya mama yake mkubwa, akalishinda mchana kweupe, mbele ya mashahidi na kuku wawili.

Mnara wenyewe ulisimama uani. Ulilipita paa kidogo tu, lakini sisi waandishi wa tarehe za mashujaa tutasema uliyasukuma mawingu. Kileleni zilikaa redio mbili nyeupe, si zile zisomazo taarifa ya habari, bali zile zinyakuazo mtandao hewani na kuushusha nyumbani. Nazo zililishwa umeme na waya mmoja utokao sebuleni. Na maradhi yake yalikuwa ya ajabu: redio zile zilikuwa nzima kabisa, mradi asiwepo wa kuzitumia. Ukizitazama tu, taa zake za kijani zakukonyeza. Ukipiga simu ya video, uso wa mtu ukianza kutokea, fyuu! zimezimia, kama mgeni aliyeonyeshwa vyombo vya kuosha.

Siku ile haikuwa ya mchezo. Binti wa Mama Mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wa kike nchi ya mbali, na mume wa binti alikuwa ametoa tamko: alasiri ile mabibi wote wawili waonekane kwenye video, jina litolewe, mjadala ufungwe. Mama Mkubwa alitaka mjukuu arithi jina la marehemu mama yake. Bibi wa upande wa pili alitaka mtoto arithi jina lake yeye mwenyewe, naye yu hai, ana afya, na ana sauti.

"Jabali mwanangu," akanena Mama Mkubwa, "yule mama akibaki peke yake kwenye kioo, nimekwisha. Nitambembeleza mjukuu wangu kwa jina la yule? Mimi?"

"Futa chozi, Mama Mkubwa," akajibu shujaa, ingawa chozi halikuwapo, lilikuwapo jicho kali tu. "Leo ama zangu, ama za redio."

Akajifunga mkanda, akatwaa koleo na mita ya kupimia umeme, akapanda. Chini alimwacha Baba Mkubwa ashike ngazi, yule mlinzi wa mali zote za nyumba, asiyetupa hata uzi wa gunia. Jabali akapanda huku akilihutubia chuma, na upepo ukalivuvia shati lake likawa bendera. Alipofika juu akazikemea redio: "Enyi masanduku mnaokula bure! Semeni, mnaumwa wapi?"

Masanduku yakanyamaza, kama desturi yao.

"Mama Mkubwa, mpigie jirani video!"

Mama Mkubwa akapiga. Papo hapo tarakimu za mita zikaporomoka kama nazi, na taa zikafa. Jabali akapaza sauti, uani kote wakasikia: "Umeme unaondoka chini umeshiba, unafika huku una njaa! Ukikaa tu, sawa. Ukipewa kazi, unaanguka. Kuna mtu njiani anaula!"

"Usinitazame mimi," akasema Baba Mkubwa.

Shujaa akashuka kinyumenyume, kwa ushujaa. Akaufuata waya kwa kidole: ukutani, dirishani, nyuma ya pipa la maji, hadi kwenye ndoo kubwa iliyofunikwa gunia. Akalifunua. Lahaula! Mle ndani lilijilaza joka la kijivu, mapindo juu ya mapindo, kichwa kikielekea mnarani, mkia sebuleni.

"Baba Mkubwa, hii nini?"

"Akiba."

"Akiba, na umeme wetu unapita humo humo?"

"Nilinunua roli zima la waya. Mnara ulitaka kipande tu. Nikachomeka ncha hii huku na ile kule, kilichobaki kikapumzika. Je, tukihama? Je, mnara ukirefuka?"

"Mnara ukirefuka!" Mama Mkubwa akapiga kofi pajani. "Mnara si mtoto wa shule, mzee!"

Jabali akasimama mbele ya ndoo, akanena: "Umeme wetu unazunguka humu mpaka unashikwa na kizunguzungu, na kila pindo linaukata nguvu. Joka hili halina budi kuchinjwa!"

Baba Mkubwa akatanua mikono juu ya ndoo. "Waya mzima ni waya mzima. Ukikatwa ni vipande. Kijana, utapita juu ya mwili wangu."

Hapo simu ikalia, alikuwa mkwe. "Mama, mko wapi? Mama yangu ameshakaa, ameshakohoa, anataka kuanza."

Mama Mkubwa akamgeukia mumewe, kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliogopwa kuliko radi. "Chagua. Waya wako ubaki mzima, au mjukuu wako aitwe jina la aliyesema siku ya harusi kwamba unacheza kama mtu aliyekanyaga sabuni."

Baba Mkubwa akashusha mikono.

"Kata," akasema. "Lakini ngoja nigeuke."

Kwach! Joka likawa mawili. Lakini vita havijaisha, kwani waya uliokatwa hutaka kichwa kipya cha plastiki, na Jabali alikuwa na kimoja tu. Na ndani ya waya mna nyuzi nane za rangi, ndugu wasioelewana, kila mmoja na kiti chake.

"Haraka, mwanangu!"

"Mama Mkubwa, ukisema haraka, kijani anakaa kwa buluu!"

Akawapanga, kahawia akatoroka, akamrudisha kwa kucha. Akabana kwa koleo. Akachomeka.

Taa zikawaka. Video ikafunguka, na bibi wa upande wa pili akatokea, yuko katikati ya hotuba. Akahutubu juu ya ukoo wake, na meno ya ukoo wake, na uzuri wa jina lake. Watu wa uani wakazikodolea macho redio, wakingoja zizimie. Hazikuzimia. Hotuba ikarefuka; redio zikasimama imara. Hatimaye msemaji akainua glasi ya maji, akanywa funda moja, na katika funda hilo Mama Mkubwa akalitaja jina la mama yake.

Mtoto akalia.

"Ameitika!" binti akapiga kelele. "Mama, ameitika!"

Na kilio kile, enyi wenye masikio, kikafika chote, hakikukatika hata mahali pamoja. Watu wazima wakakumbatiana kwa furaha ya kusikia mtoto analia vizuri, na Jabali akabebwa juu juu kuuzunguka mnara, kazi nyepesi, maana hana uzito. Tangu hapo nyumba ile haisemi mwaka jana wala juzi. Husema kabla ya waya kukatwa, na baada ya kukatwa.