Vipira vya Masikioni Vilivyonitoa Kwenye Besi

Kirumba, Mwanza
Jumanne, 16 Novemba 1999

Kwa Ndugu Machibya,
Mwenyekiti wa Kamati,
Kwaya ya Zeze la Ziwa.

Nakala: Paroko, kwa taarifa na kwa maombi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA VIPIRA VYA MASIKIONI, HASA SAIZI KUBWA

Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Nimejiitikia mwenyewe, kwa kuwa tangu Jumapili kila mwanakamati anayekutana nami njiani ana haraka. Hapa nyumbani mimi na mke wangu Suzana hatujambo, isipokuwa habari hii.

Nimepokea barua yenu na nimeisoma mara nne. Inasema, kwa Kiswahili kitamu ambacho najua ni cha Katibu Teodora, kwamba kamati "imeona ni vyema mzee wetu apumzike" kabla hatujarekodi kaseti ya pili mwezi Januari. Nashukuru kwa kunihurumia, maana sikujua kama nimechoka. Mwaka 1994, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ambako nilisimama kando ya mashine miaka ishirini na miwili, niliambiwa nimepunguzwa. Leo kanisani naambiwa nipumzike. Lugha yetu inakua vizuri, ila mwisho wa yote mtu anakaa nyumbani.

Sababu mliyoitoa ni kwamba mmesikiliza kaseti yetu ya mwaka 1996 kwa "vifaa vya kisasa" mkagundua kuwa besi, yaani mimi, inashuka chini ya wimbo. Kaseti hiyo imepigwa miaka mitatu kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye kila kibanda cha Mwaloni, na hajatokea mtu wala sangara aliyelalamika. Kwa hiyo siilaumu kamati. Wanakamati ni watu wema waliopotoshwa. Ninaowashitaki ni vipira.

Kwa faida ya Paroko nieleze kidogo. Kijana wetu Nestory alinunua kwa Yunus, pale Makoroboi, spika ndogo za masikioni zilizotoka Dubai, zile vijana wanaita iafoni. Za zamani zilikuwa na sponji, zikikaa mlangoni mwa sikio bila kumsumbua mtu. Hizi zina kipira laini cha silikoni kinachoingia ndani kabisa, na kila pakiti inakuja na jozi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Watu wenye akili hukitupa kile kifuko cha vipira vya ziada. Nestory alikitunza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mungu aliumba masikio bila namba. Soko huria lilipokuja tuliambiwa ruksa mitumba, ruksa sabuni za kila rangi, ruksa dawa ya meno yenye mistari. Sikusikia ruksa ya kuwagawa waumini katika madaraja matatu ya masikio. Nestory alitumia wiki tatu vile vipira vya kati alivyovikuta vimeshafungwa, akasikia tunachosikia sote: sauti ya kwanza, kinanda na upepo. Alikuwa kijana mwenye raha zake. Ndipo Yunus alipomwambia, "Bwana, sikio lako siyo la kati. Kipira kikikaa sawasawa kelele za nje zinakufa, besi inazaliwa." Yunus ni jirani yangu na sina ugomvi naye. Nauliza tu, imekuwaje mtu ambaye hajawahi kukanyaga mazoezini ndiye aizalishe besi ya kwaya yetu?

2. Namna mlivyochagua saizi. Habari zote za kikao ninazo, msijisumbue kutafuta aliyezitoa. Mlikaa baada ya misa ya pili, wanakamati watano kwenye benchi moja, mkipokezana iafoni za Nestory. Kanuni ilikuwa hii: vuta sikio juu na nyuma, ingiza kipira, kizungushe kidogo, halafu funga mdomo useme "mmm". Ukisikia sauti yako inavuma ndani ya kichwa, umepata saizi yako. Ukisikia kuku wa jirani, bado. Basi watu wazima mkakaa mnavutana masikio na kuguna, hata mpita njia akauliza kama kuna anayeombewa. Mhazini Paskazia alipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, atafune ili ionekane kama kipira kitateleza. Kidogo kikamtoka, kikubwa kikamuuma, mkampata kwenye cha kati na michembe ikawa imekwisha. Wewe Mwenyekiti ulichukua saizi kubwa pande zote mbili, jambo ambalo halikumshangaza yeyote aliyewahi kukaa nyuma yako kanisani. Teodora akayaandika hayo yote kwenye muhtasari. Kwaya imekaa miaka kumi na tisa bila orodha kamili ya wanachama wake, lakini orodha ya masikio sasa inayo.

3. Usafi. Vipira vilevile viliwaingia watu watano, vikifutwa kwa pembe ya kitenge cha Paskazia. Wakati wa kipindupindu tulikatazana kuchangia kikombe cha maji. Masikio, naona, hayaambukizi.

4. Kinanda. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Nyote mnaujua wimbo wetu wa "Kivuko cha Neema", nilioutunga mwenyewe pale Kigongo siku niliyosubiri kivuko cha kwenda Busisi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Josephat hunyamazisha kinanda kuanzia ubeti wa pili ili sauti zisikike, kisha hukirudisha kwenye kiitikio cha mwisho. Na kila kinaporudi kinatukuta chini, chenyewe kiko juu. Nimelieleza jambo hili vikaoni kwa miaka mitatu: umeme wa Kirumba ukipata nguvu ghafla, kinanda kinapanda. Hakuna aliyenipinga. Wewe ulitikisa kichwa kukubali. Josephat alikiri kwamba ni kweli kinapanda, akaahidi kukipeleka kwa fundi. Modesta, kiongozi wa sauti ya kwanza, binti mwenye sikio lisilo na mfano mjini hapa, alisema hata yeye amekisikia kikipanda. Leo kinanda kimepona bila fundi, na mgonjwa ni mimi.

5. Upendeleo. Kwa vipira hivyohivyo mlisikia pia mbuzi akilia kwenye ubeti wa pili, Josephat akimeza mate, na Mwenyekiti akikohoa mara mbili. Mbuzi hakuandikiwa barua. Mwenyekiti hakujiandikia barua. Anayepumzika ni mzee wa besi peke yake.

6. Usalama wa nchi. Tukikubali kwamba mtu akipata saizi yake ana haki ya kusikia, na akisikia ana haki ya kuchukua hatua, tutaishia wapi? Jumapili ijayo waumini watakuja na vipira vyao kusikiliza mahubiri, na simtakii Paroko jambo hilo. Kwenye mnada wa Kisesa mnunuzi atasikia kile ambacho mwenye ng'ombe anakisema chinichini. Wake watatega masikio sawasawa waume wanapoeleza walikochelewa, na ndoa ngapi za hapa Kirumba zitafika Pasaka? Mwakani kuna uchaguzi. Wagombea watakuja na vipaza sauti vyao ambavyo, kwa rehema za Mungu, havina besi kabisa. Tunasikia "maji", tunasikia "barabara", tunapiga makofi na kurudi nyumbani. Ajitokeze mtu mmoja mwenye kipira kinachomkaa, asikie kinachoendelea chini ya maneno hayo, muone. Amani hii tunayojivunia imelindwa na watu wasiosikia vizuri, na mimi nimekuwa mstari wa mbele.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

(a) Kasha la kaseti ya pili liandikwe kwa herufi kubwa: ISIKILIZWE KWA SPIKA MBOVU TU.

(b) Vipira vya kati na vikubwa vyote vilivyoko Kirumba vikusanywe. Kila sikio lipewe saizi ndogo bila kujali cheo, na likaguliwe na kugongwa muhuri mara moja kwa mwaka, kama mizani ya samaki pale Mwaloni.

(c) Ikishindikana (a) na (b), basi kaseti irekodiwe bila besi. Mimi nitasimama palepale ninaposimama siku zote, mstari wa nyuma karibu na dirisha, nifungue na kufunga mdomo bila kutoa sauti. Hakuna kipira kitakachosikia hilo.

Najua ombi la tatu litawachekesha. Chekeni, lakini naomba lijadiliwe. Nilipopunguzwa kiwandani nilirudi nyumbani na baiskeli na cheti cha utumishi mwema. Kilichobaki cha kunifanya nioge nivae shati safi ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, mazoezi. Leo ni Jumanne. Nimeoga. Shati nimevaa. Naandika barua.

Mwisho niweke wazi jambo moja ili pasiwe na maneno: vipira hivyo sijaviweka masikioni na sitaviweka. Jana Nestory alikuja nyumbani, akaniamkia kwa adabu zote, akaweka mezani iafoni, kaseti na kile kifuko chenye jozi zilizobaki, akaondoka bila hata kunywa chai. Suzana alisema neno moja tu, "Baba Kija, si ujaribu?" Nimevifunika kwa bakuli la ugali na bakuli halijaguswa. Nasikia vizuri sana bila msaada. Suzana anasema huniita mara tatu ndipo niitike, lakini wanawake wote husema hivyo.

Wasalimie wanakamati wote kwa kadiri ya saizi zao. Msalimie Josephat na kinanda chake kilichopata nafuu. Msalimie mkeo na wajukuu. Mbuzi, kama bado yupo, naye asalimiwe.

Wenu mwenye sauti ileile tangu mwaka 1980,

Chenge
Kiongozi wa Besi

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, jana barua hii haikuondoka kwa kukosa bahasha. Leo Suzana alipokwenda sokoni nililifunua bakuli, kwa nia ya kutafuta ushahidi zaidi na si vinginevyo.

Sikio langu la kulia ni la kati. La kushoto, lililokuwa upande wa mashine, halikukamata kitu mpaka nilipoweka kipira kikubwa. Kwa hiyo masikio ya mtu mmoja yanaweza kuwa ya saizi mbili, waambieni wanakamati waliandike na hilo. Nilivuta, nikazungusha, nikatafuna kipande cha mkate, kikakaa. Nikasema "mmm". Nilijisikia mwenyewe ndani ya kichwa, jambo ambalo halijanitokea tangu niliporipoti kiwandani nikiwa kijana.

Nimechomeka iafoni kwenye redio yetu ya kaseti, nimeusikiliza wimbo wangu wa Kivuko. Besi inashuka. Inaanza kushuka mapema katika ubeti wa pili, na ni yangu, sina cha kubisha.

Lakini kuna jambo barua yenu haikulisema. Ninaposhuka, Modesta anasita kidogo, kisha ananifuata. Sauti ya kwanza yote inamfuata yeye. Halafu sauti ya pili, halafu ya tatu, na wewe Mwenyekiti, ambaye hujawahi kunifuata katika lolote, nimekusikia ukikohoa na kushuka. Mpaka mwisho wa ubeti wa tatu wote mko huko chini nilipo, na wimbo unaendelea kana kwamba ndipo ulipotungwa. Kinanda kikirudi kinatukuta pamoja. Hakikupanda. Nimesikiliza nyimbo zote nane na zote ni hivyohivyo, hakuna hata mmoja mlioniacha peke yangu. Halafu mkaja vikaoni mkanikubalia habari za umeme.

Nimekaa hapa nimelia, na Suzana amerudi na dagaa akanikuta hivyo, nikamwambia ni vipira vinauma.

Futeni malalamiko yote sita. Futeni (a), (b) na (c). Nafasi ya nyuma karibu na dirisha naiacha kwa moyo mweupe. Ijumaa nitakuja saa kumi kasoro kupanga mabenchi, kama hilo halihitaji sikio. Vipira vya Nestory nitavirudisha, ila kile kikubwa cha kushoto naomba nibaki nacho mpaka Jumapili, niwasikilize tena.

Na Januari, mkishaanza kurekodi, mwambieni Modesta apande tu. Asinisubiri.