Unyevu Katika Stoo ya Usalama

Umma unaarifiwa kwamba katika miaka yote ya Hali ya Hatari, stoo iliyokuwa chini ya ofisi ya Bwana D.O., ofisa Mwingereza wa kituo chetu, haikufurika maji hata mara moja. Palikuwa na unyevu. Nilikuwa karani na mkalimani wa kituo hicho, neno "unyevu" nililipiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe, na mpaka leo sijapokea amri ya kulibadilisha.

Kituo kilikuwa mwendo mfupi juu ya soko la Manyatta, upande wa msitu, mahali ambapo mvua ya mlima hupita kwanza kabla ya kwenda kwa wengine. Bwana D.O. aliitwa Harcombe, kijana mwenye bidii. Alipopewa kazi ya kuwanyima chakula watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na Serikali, aliona mara moja kwamba njia nyepesi ni kuanza na watu wa kijijini. Akaamuru nafaka zote na mbegu zote zikusanywe chini ya ulinzi. Stoo akaichimbisha chini ya ofisi yake, ili aweze kuilinda akiwa ameketi. Ilikuwa na kuta za mawe, ngazi ya kushukia kwa nje na mlango wa chuma, na dari yake ndiyo iliyokuwa sakafu ya mbao ya ofisi. Ikaitwa Stoo ya Usalama Namba Moja. Namba Mbili haikujengwa.

Kwetu mbegu haiwekwi chini. Huwekwa darini juu ya meko, ikale moshi mpaka iwe nyeusi na wadudu waikatie tamaa. Mama yangu, Ciakuthii, alipofika kwenye ngazi na kibuyu chake cha njahi, yale maharagwe yetu meusi, alisimama akalitazama lile shimo.

"Muulize huyu mtoto wa watu," aliniambia kwa Kiembu, "kama kwao huzika mbegu, au huzika wafu peke yao kama sisi."

Nikamgeukia Bwana D.O. nikamweleza kwamba mama huyu anaipongeza Serikali, na anauliza atarudishiwa mbegu yake lini.

"Mbegu ni za Serikali," alijibu Bwana D.O., "kwa usalama wenu. Mvua ikianza tutazigawa kwa utaratibu."

Chifu Gichovi, aliyesimama nyuma yake na fimbo, alicheka kwa niaba ya kijiji. Njahi za Mama zikamiminwa guniani pamoja na za wengine. Mapanga na mashoka yetu nayo yalikuwa yameshatupwa humo, ndani kabisa, na magunia yakapangwa mbele yake na juu yake mpaka yakagusa mbao za dari.

Mvua ikaanza. Utaratibu haukuanza.

Hapa sina budi kulieleza handaki. Lilichimbwa na wanawake wa kijiji, kwa amri, kando ya msitu, likapandwa mianzi iliyochongwa ncha kali ili mtu wa msituni akishuka kutafuta chakula achomwe. Bwana D.O. alilichora kwa rula. Na kwa kuwa alitaka kuliona akiwa mezani, handaki lilishuka kutoka msituni moja kwa moja hadi karibu na ukuta wa ofisi, ndipo likapinda. Mvua ilishukuru. Maji ya mlima, ambayo zamani yalihangaika kuutafuta mto, sasa yalikuwa na barabara ya Serikali.

Asubuhi ya kwanza maji ndani ya stoo yalifika kwenye kifundo cha mguu. Bwana D.O. akaunda Kamati ya Unyevu, mwenyekiti akiwa Chifu Gichovi. Jambo la kwanza kujadiliwa lilikuwa chanzo. Kila mjumbe aliliona handaki, kwa sababu lilikuwa dirishani. Lakini handaki lilikuwa chombo cha vita, na kukisema vibaya chombo cha vita lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mbali na kwao. Kamati ikatazama upande mwingine, ikafikiri sana.

"Maji haya yametoka msituni," alisema Chifu hatimaye. "Hayana pasi ya kutembea. Yamepita kwenye kizuizi saa za kafyu bila kusimama. Mimi naona yamekula kiapo cha watu wa msituni."

Bwana D.O. aliniuliza kama Chifu anatania. Nilimtazama Chifu usoni, nikajibu kwamba hatanii. Basi askari wawili wakawekwa kwenye ngazi kuyalinda. Jioni waliripoti kwamba maji yameongezeka, lakini hakuna yaliyotoroka.

Ikaonekana afadhali yachotwe. Wanawake wakaitwa na madebe wapange mstari kutoka ngazini, kupanda mwinuko, hadi bondeni upande wa pili, wakipokezana. Likatokea tatizo la kisheria. Watu zaidi ya watano hawakuruhusiwa kukusanyika, na mstari ule ulikuwa mkusanyiko, hata kama ulikuwa mwembamba. Bwana D.O. hakushindwa. Aliwagawa watano watano, na kati ya kundi na kundi akaacha nafasi ya hatua kadhaa. Debe halikuruhusiwa kuvuka nafasi hiyo, maana kupitishiana vitu baina ya makundi ni njama. Kwa hiyo mwanamke wa tano aliyamwaga maji palepale alipofikia, na kundi la pili likaendelea kungoja debe kwa utulivu uliosifiwa na Kamati. Maji yaliyomwagwa yaliteremka tena hadi ngazini, kwa mwendo wa mtu anayejua kwake.

Mama alikuwa wa tano katika kundi la kwanza. "Karani," aliniita, maana kazini hakuniita mwanangu, "andika kwamba maji haya nimeyamwaga mpaka sasa tunaamkuana."

Ndipo ikaletwa pampu. Iliyoileta ilikuwa lori ya Hirsi, msafirishaji wa Meru mjini, iliyopitia Runyenjes ikafika ikiwa na matope hadi madirishani. Hirsi aliishusha, akaingiza mpira mmoja kwenye kisima kidogo kilicho chini ya ngazi, akauliza mpira wa pili autupe wapi. Bwana D.O. alionyesha mfereji wa karibu ulioidhinishwa, yaani handaki.

Hirsi alilitazama handaki, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Karani," alininong'oneza, "huyu anataka maji yatoke hapa, yaende pale, yarudi hapa?"

Nikamwambia ndivyo ilivyoamuliwa.

"Haya. Mimi nimeagizwa mashine. Akili haikuwa kwenye agizo." Akapanda lori yake, akaondoka kabla barabara haijakatika.

Pampu ilifanya kazi vizuri sana. Ilivuta maji stoo, ikayatema handakini, handaki likayapenyeza ukutani, nayo ikayavuta tena bila kinyongo. Bwana D.O. alipiga hesabu akaona tumeshatoa maji mengi kuliko yaliyokuwamo, akaliandikia jimbo kwamba ufanisi wetu umepita kiwango. Kisha pampu ikaanza kukohoa. Ikameza njahi kadhaa zilizokuwa zikielea, ikatoa moshi, ikanyamaza. Kamati ilikataa neno "imekufa". Iliandikwa kwamba pampu iko likizoni.

Wakati huo kijijini tulikuwa tukila majani ya kunde yaliyochemshwa, na baadaye majani tu. Dada yangu Kathure alikuwa na mtoto mchanga aliyeacha kulia, na kwetu mtoto mwenye njaa akiacha kulia watu hawapongezani. Mvua ilikuwa katikati. Mbegu isiyoingia udongoni kabla mvua haijakatika ingekuwa uchafu tu, na baada ya hapo tusingekuwa na mavuno wala mbegu ya mwaka wa pili.

Kila asubuhi Mama alikuja dirishani. Dirisha lilikuwa na nondo nene, zilizowekwa kwa amri ya Bwana D.O. ili asivamiwe.

"Njahi zangu zinaota humo ndani," aliniambia. "Nasikia harufu yake. Mwambie hivyohivyo, usimpake mafuta."

Nikamwambia Bwana D.O. kwamba wananchi wana wasiwasi kidogo. Akajibu kwamba mbegu ni za Serikali, kwa usalama wao.

Siku ikafika ya ziara. Mkubwa kutoka makao ya jimbo, Nyeri, alikuwa amesoma juu ya ule ufanisi wetu akataka kuuona. Ngazi ya stoo ilifunikwa turubai. Ofisini pakawekwa viti, chai na biskuti. Bwana D.O. aligundua kwamba meza yake imeinuka upande mmoja, akaweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mfupi. Baadaye akaongeza karatasi nyingine. Hakushangaa. Hakuwa mtu wa kupika, na hakujua maharagwe hufanya nini yakilala ndani ya maji.

Mimi nilitumwa nje kuwapanga wanawake, watano watano, wampigie Mkubwa makofi akitoka. Ndani walibaki Mkubwa, Bwana D.O. na Chifu Gichovi. Nilikuwa bado napima nafasi kati ya makundi niliposikia mlio kama wa mti unaoanguka. Mbao za sakafu ziliinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Birika la chai likateleza. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kufungukia ndani, na sakafu ikaushika kwa chini ukakwama kabisa. Wakaja dirishani wote watatu, wakashika nondo.

Askari walisukuma mlango kwa mabega. Mmoja akauliza shoka liko wapi. Kila mtu alijua mashoka yaliko.

"Karani," alisema Bwana D.O., sauti yake ikiwa bado ya kiofisi, "waambie wanawake watoe magunia. Upesi."

Nikawaambia. Mama alitua debe lake.

"Muulize ni magunia ya nani."

Nikatafsiri neno kwa neno, bila pongezi. Bwana D.O. alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema.

"Ni ya Serikali," alijibu. "Kwa usalama wenu."

"Basi Serikali itoe mali yake," alisema Mama. "Sisi tumekatazwa kuigusa." Akaketi chini kwenye majani. Wanawake wote wakaketi, watano watano, kila kundi likiangalia isivunjike nafasi iliyowekwa.

Ufa ukapanda ukutani polepole mpaka ukafika karibu na paa. Chifu Gichovi akapenyeza uso kati ya nondo.

"Ciakuthii, dada yangu," alisema kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia, "sisi si watu wa nyumba moja?"

"Nyumba ina mlango, Chifu. Wako uko wapi?"

Mkubwa wa jimbo alikuwa akipangusa vumbi la dari lililomdondokea kwenye kofia. Aliuliza mama yule anataka nini. Bwana D.O. akaanza kumweleza kuhusu taratibu za ugawaji. Mkubwa akamkatiza, akaniuliza mimi.

"Anataka kuambiwa mbegu ni za nani, Bwana."

Mkubwa alimgeukia kijana wake, akasema maneno machache kwa Kiingereza ambayo sikuombwa kuyatafsiri. Bwana D.O. akasogeza mdomo kwenye nondo.

"Zenu," alisema.

"Hatujasikia," alijibu Mama kupitia kwangu. "Tumekaa mbali, kwa sheria."

Akapaza sauti mpaka kundi la mwisho likageuka. Mbegu ni zenu, alisema, zote, chukueni. Mama akataka Chifu naye aseme, maana huyo ndiye tungebaki naye. Chifu akasema, macho yake yakiwa chini.

Wanawake waliinuka kwa pamoja, na siku hiyo hakuna aliyewahesabu. Waliyaburuta magunia kupitia mlango wa stoo. Ya chini yalikuwa yameoza na yakamwagwa. Ya kati yalikuwa yamevimba na kupasuka. Ya juu yalikuwa yameota, vichipukizi vyeupe vikitokeza katika matundu ya katani. Mbegu iliyoota haiwezi kurudishwa guniani wala kungoja kesho. Mashamba yetu yalikuwa ng'ambo ya kizuizi, nayo pasi ilitakiwa kutiwa sahihi na mtu aliyekuwa nyuma ya nondo. Udongo laini uliokuwa karibu ni ule waliouchimba wenyewe. Basi walizipanda palepale, kwenye kingo za handaki, kutoka ukutani mwa ofisi kwenda juu kuelekea msituni, kwa vidole, mvua ikiwanyeshea. Jioni sakafu ilishuka, mlango ukafunguka, wakubwa wakatoka wakawakuta wakimalizia.

Mkubwa alitazama, akapanda gari, na katika ripoti yake akauita Mpango wa Kilimo cha Handaki. Bwana D.O. alihamishiwa kaskazini jangwani, ambako unyevu ni wa kutafutwa. Njahi zikapanda juu ya mianzi iliyochongwa, zikaikumbatia ncha na zote, mpaka ukitazama kutoka dirishani huoni silaha hata moja, unaona maua ya zambarau. Nani alizichuma upande wa juu, karibu na msitu, Kamati haikuuliza, kwani ilikuwa imevunjwa.

Mtoto wa Kathure hakungoja. Tulimzika njahi zikiwa na majani mawili.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Alipofariki, tulikuta kibuyu chake darini juu ya meko, cheusi kwa moshi, kimejaa njahi za uzao uleule. Matangani alikuja Mzee Gichovi, amestaafu, anatembelea fimbo ileile. Alikaa, akanywa chai, akaniita kando. Alisema mwaka huo hana cha kupanda. Alikuwa amejenga nyumba ya mawe yenye stoo nzuri chini, akahifadhi mbegu zake humo, na kwa bahati mbaya zikaingia unyevu. Akauliza kama naweza kumpunguzia kidogo.

Nilipanda nikashusha kibuyu, nikakishika mbele yake.

"Mbegu ni za nani, Mzee?"

Aliiegemeza fimbo yake ukutani. Nje wanawake walikuwa wameanza kuimba.

"Zenu," alisema.

Nikamjazia viganja vyote viwili, nikamsindikiza hadi njiani, nikamkumbusha aziweke juu.