Gari la Zahanati Linaloteremka Tu

Acha kujikohoza mbele ya kioo, mwanangu, koo lako halina kosa. Tangu juzi nakusikia chumbani ukifanya mazoezi ya hotuba ya kuzindua gari la zahanati, eti limetengenezwa, na mimi niliyekuzaa najifunika uso utadhani mwizi ni mimi. Kwa kuwa umekwama kwenye "ndugu wananchi", nimekuandikia mwenyewe. Isome kesho hivi hivi, usiruke hata neno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mliokalia viti vyenye matakia, mganga wetu wa zahanati, wazee wenye hekima na wasio nayo, akina mama mliosimama juani, wadau wote wa maendeleo, fundi wangu mtiifu, na wewe kuku wa mama yangu unayeatamia chini ya gari hili, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Kuku haondoki.)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Gari, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nathubutu kusema hakuna mwenyekiti mwingine aliyewahi kuufikia, kuwajulisha kwamba mchakato wa ukarabati wa gari letu hili la fo-wili, ambalo lina umri mkubwa kuliko baadhi ya wajumbe wangu, na ambalo lilikufa giaboksi, likaumwa difu, propela nayo ikaning'inia kama mkia wa punda, umepitia hatua zote za kitaalamu, yaani semina ya uelewa, warsha ya kuielewa semina, upembuzi yakinifu, upembuzi wa huo upembuzi, na chakula cha mchana. (Makofi marefu kutoka kwenye matakia.)

Kitakwimu, rangi imepakwa kwa asilimia mia, honi inalia kwa asilimia mia na ishirini, na utayari wa gari kutembea umefikia asilimia tisini na tisa, ile moja iliyobaki ikiwa ni kutembea kwenyewe. (Kicheko nyuma. Mwenyekiti anajipangusa jasho.)

Wapo wapotoshaji wanaosema kwamba kila nikilizindua gari hili huliegesha juu ya mteremko, nikatoa jiwe chini ya tairi, likateremka lenyewe hadi sokoni, huku bendi ikipiga kwa nguvu ili mtu asijue kwamba injini imelala. Nawajibu kwa data: kwani halikufika sokoni?

(Kinyozi, kwa sauti: "Hospitali iko mlimani, bwana mkubwa! Mke wangu nimpandishe na nini?")

Swali zuri sana, kinyozi, na kamati yangu inalipokea kwa mikono miwili. Tunatambua kwamba mke wako yuko katika mwezi wake wa kujifungua, na kwamba mimba iliyopita mlimbeba kwa kitanda, mkafika nusu ya mlima, mkarudi na kitanda na kilio. Jambo hilo tumeliingiza kwenye mpango mkakati. Kwa kipindi hiki cha mpito, namshauri mama huyo azae kuelekea sokoni.

(Mkunga mzee anasimama: "We mtoto! Nilikupokea mimi, ulitanguliza miguu, na mpaka leo kichwa hakijafika!" Vigelegele. Mwenyekiti anaomba utulivu, haupati.)

Ndugu zangu, vipuri ni ghali! Gari chakavu halina haya, ukiihudumia giaboksi, difu inaona wivu. Ndiyo maana mlipochanga mkanunua giaboksi, na ajabu ya Mungu gari langu la nyumbani, la aina ile ile, likawa linaumwa ugonjwa ule ule, nilifanya maamuzi magumu ya kiuongozi. Nikabuni mfumo wa kisasa wa uhamishaji wa rasilimali. (Fundi anaangalia viatu vyake.)

Kwa hiyo nahitimisha kwa shukrani. Nawashukuru nyinyi kwa kuchanga bila kuchungulia. Namshukuru fundi kwa kufunga boliti na mdomo kwa spana moja. Nalishukuru gari hili kwa kukubali kupakwa rangi likiwa tupu tumboni, kwa sababu ukarabati ninaouzindua leo haujawahi kufanyika popote, isipokuwa uani kwangu, kwenye gari lililonileta hapa likinguruma vizuri. Mteremko hoyee! (Matakia: "Hoyee!") Mlima je? (Matakia yanatazama saa.) Asanteni kwa kunisikiliza.

Hiyo ndiyo hotuba yako, mwanangu. Usipoisoma wewe nitaisoma mimi, na kwa darasa langu la pili nitaisoma nikigugumiza herufi moja moja, kila mtu aisikie vizuri.

Au fanya hivi. Fundi yuko hapa jikoni kwangu, nimemnywesha chai na maneno, vyote vya moto. Lete gari lako sasa hivi, ulale chini yake na hiyo suti, umshikie spana mpaka giaboksi ya watu irudi mahali pake. Gari la zahanati likiwaka, lisielekee sokoni. Lipandishe mlimani na mke wa kinyozi ndani, kinyozi akae mbele, wewe ufuate kwa miguu ukibeba godoro la mkewe. Na kabla hujagusa chochote, mhamishe kuku wangu polepole na mayai yake, maana katika mradi wako wote ni yeye tu aliyefanya kazi.