Kadi za Mpira wa Kikapu Nilizozifukiza Udi

Marehemu mjomba wangu wa Likoni alikuwa na saa ya ukutani iliyokufa. Kila alasiri huipakata akatoka nayo, eti yuaipeleka kwa fundi. Fundi gani! Alizunguka nayo tu, apate wa kumuuliza, "Mjomba, saa imekuwaje?" Hapo huketi akasimulia mpaka magharibi. Tulimcheka sana. Sasa mke wangu amekufa, na hapa Junda naongea na sufuria (hunijibu, ikichemka). Nimeelewa: mtu asiye na kitu mkononi hasemezwi.

Kitu changu mimi ni kadi. Mwanangu Shee ni baharia. Barua zamshinda, kwa hivyo hunitilia kwenye bahasha kadi zenye picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani. Mwanzo nilidhani ni mabaharia wenzake, nikasikitika kwamba kampuni yawavisha vesti tu!

Wiki iliyopita Musyoka, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini, akaniona nazo dukani. Akaruka.

"Mzee! Hizi za kung'aa rangi ya fedha ni adimu. Huchomekwa moja moja kwenye pakiti za kadi za kawaida, na wewe unayo seti nzima! Njoo kwangu Bombolulu Jumapili, tulinganishe na yangu. Tutakuwa na rafiki zangu wawili."

Wallahi, tangu msiba sijaalikwa popote. Nikajiambia, nikiwapendeza hawa, wataniita kila Jumapili. Sikutaka zaidi ya hilo.

Basi leo ndiyo Jumapili yenyewe, na leo nimeadhirika.

Kwetu huendi ugenini na kitu kisichonukia. Nikawasha chetezo, nikatia udi aliouacha marehemu mke wangu, nikakifunika kwa kikapu cha kufukizia nguo, kadi nikazipanga juu yake kama nguo za harusi. Nikaenda kuoga. (Nikaimba! Mimi!) Niliporudi nikazikusanya mkebeni bila kutazama. Miwani sikuvaa.

Kwa Musyoka wakanipa shikamoo, wakanipa kiti. Seti yake ameitandaza juu ya shuka: kadi zang'aa kama kioo, pembezoni dhahabu, kila moja ndani ya nailoni yake.

"Haya mzee, tuone za fedha."

Nikafungua mkebe. Ilitangulia harufu. Zikafuata kadi, zimejikunja kama maganda ya muhogo, fedha imefanya malengelenge. Mchezaji mrefu kuliko wote amekuwa kimo changu.

"Mzee, umezikaanga?"

"Nimezifukiza."

"Umezifanya nini?"

"Udi. Kwa heshima yenu."

"Kwani hapa anaolewa nani?" akauliza mmoja wao. Wakacheka mpaka mwenzake akashika ukuta. Nami nikacheka (kwa mdomo).

Musyoka hakucheka. Afadhali angecheka! Akazigeuza moja moja, akasema polepole, "Zingekuwa nzima, yangu isingefua dafu." Kisha akaivuta seti yake mbali nami, kama mtu anayemwondoa mtoto jikoni. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, hata kuniangalia hawaniangalii.

Nikasimama. "Naenda dukani mara moja, kununua kiberiti."

"Kiberiti tena, mzee!"

Wakaangua kicheko. Mkebe nikauacha pale pale, wapate kudhani narudi. Nikavaa makubadhi, nikatoka, sikusimama mpaka nyumbani. Na kule sirudi, kabisa.

Musinicheke, jamani. Musyoka akiwauliza, mwambieni duka la mzee li mbali.