Chura Aliyeruka Kwenye Kompyuta Yangu Tu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekipima chumba changu leo. Mimi nikiwa humo, kitandani. Alipitisha futikamba juu ya miguu yangu, akaniomba nisisogee, akasema meza yake ya useremala itaenea vizuri. Dada alisimama mlangoni akitazama sakafu. Uamuzi wa nyumba: nisipopata kazi wiki hii, stoo ninayolala inarudi kuwa stoo.

Sina wasiwasi. Mkutubi anatafuta mtu wa kusimamia chumba cha kompyuta pale maktaba. Kompyuta zenyewe ni kuukuu, zinatumia mfumo wa Linux, hazina intaneti. Mtihani ni huu: kuna mchezo wa chura anayeruka juu ya namba, watoto wajifunze kujumlisha. Ni wa bure, msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha. Mkutubi anataka uingizwe wote kwenye faili moja, yaani kifurushi. Unabofya, mchezo unafunguka, hakuna kusakinisha chochote. Tunaonyesha Ijumaa.

Mshindani ni mmoja: Taratibu. Tulisoma naye chuo. Jina hilo nilimpa mimi, na amelizoea.

Jumanne, 4 Machi

Kifurushi tayari! Chura anaruka kama ameumwa na siafu. Nimeongeza ubunifu: sasa amevaa tai. Waliotengeneza mchezo walikuwa wameacha orodha ndefu ya majina yao mwanzoni. Nimeifuta. Mahali pake nimeweka picha yangu ya pasipoti. Kisha nikaiwekea mashine yangu mfumo mpya kabisa, uliotoka juzi, nikaunda kifurushi upya. Kizuri hutengenezwa kwa kizuri.

Habari za Taratibu: amekaa maktaba kutwa nzima. Ameomba aonyeshwe kompyuta iliyo kuukuu kuliko zote, na kazi anaifanyia humo humo. Nilicheka mpaka dada akaja kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Machi

Dada akanisihi nikijaribu kifurushi kwenye kompyuta nyingine. Ili anyamaze, nikaenda kwa mama wa fotokopi, ambaye mashine yake ina mfumo kama wangu. Mchezo ukafunguka. Skrini nyeusi tii. Chura anasikika akiruka gizani. Mama wa fotokopi akasema labda huko kwa chura umeme umekatika.

Nikachunguza. Kumbe kifurushi hakikubeba picha hata moja. Kilikuwa kinazitafuta kwenye folda yenye jina langu, iliyoko kwenye mashine yangu. Fundi wa kawaida angeziingiza picha ndani ya kifurushi. Mimi nikatengeneza folda yenye jina langu kwenye kompyuta ya mama wa fotokopi, nikazimwaga humo. Chura huyo, na tai yake! Kesho nafanya hivyo hivyo, kimya kimya, kwenye kompyuta zote za maktaba.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umegonga mwamba. Kompyuta za maktaba hazikuruhusu kutengeneza folda mahali pale bila neno la siri, na neno la siri analo mkutubi. Nilikuwa nimemwambia nimekuja kusaidia kupangusa vumbi. Akanipa kitambaa. Nimezipangusa zote, na nyuma pia.

Taratibu aliniona. Akanieleza kwa upole kwamba kifurushi huundwa kwenye mfumo wa zamani kuliko mifumo yote kitakamotumika, kwa kuwa mashine mpya huelewa vitu vya zamani lakini ya zamani haielewi vipya. Nikitaka, nitumie mashine aliyokuwa akiitumia, yeye amemaliza. Tena akauliza majina ya wenye mchezo yako wapi, maana leseni inataka yaende nao kokote. Nikamjibu yako nyumbani.

Mtego mtupu. Nani humsaidia mshindani wake? Picha nimeziingiza ndani ya kifurushi, inatosha. 

Ijumaa, 7 Machi

Walikaa watatu: mkutubi, mhasibu na nesi mstaafu wa kamati ya maktaba. Nilianza mimi. Nikabofya. Hakuna kitu. Nikabofya tena, kwa heshima. Likatokea sanduku dogo likisema kifurushi kinahitaji mfumo mpya kuliko uliopo. Nikawaeleza kwamba kosa ni la kompyuta. Mhasibu akauliza kama nashauri zitupwe zote. Nikasema naam. Hakuna aliyeandika chochote.

Cha Taratibu kikafunguka mara moja. Nesi mstaafu alikalia kiti akakataa kuondoka. Alikuwa ameanza kujumlisha makumi. Kazi kapata Taratibu.

Niliumia. Nyumbani nikakuta mbao zimeegemezwa ukutani kwangu, na shemeji akanisalimu kwa sauti ya msibani.

Jioni Taratibu akaja mwenyewe. Anahitaji msaidizi, mkutubi amekubali nijaribiwe. Nikataka kukataa. Dada akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Jumamosi, 8 Machi

Nina kazi! Na jambo la kwanza: nesi amesikia habari za ile tai ya chura wangu, ameipenda. Taratibu ameniagiza nimvishe tai chura wake, jina langu niliweke mwisho wa orodha kama mchora tai, niunde kifurushi kwenye ile kompyuta kuukuu, nikijaribu, kisha nikisambaze kote. Watoto wanakuja Jumatatu.

Kompyuta ile inafikiri kama mzee anayetafuta miwani. Nikaenda kufanyia kazi nyumbani, kwenye yangu yenye mfumo mpya. Kufikia mchana nilikuwa nimemaliza. Majina ya wenye mchezo yote yamo, langu juu kabisa kwa herufi kubwa. Nimekiweka kwenye kila kompyuta ya maktaba. Kile cha Taratibu nimekifuta kote, watoto wasije wakachanganyikiwa. Sikuwahi kukibofya changu, mlinzi alikuwa anafunga mlango.

Nimemwambia shemeji alete meza yake leo leo. Ameshaileta, na godoro langu nimempa yule mlinzi wa maktaba. Mwenye kazi hawezi kulala stoo. Jumatatu jioni nahamia chumba cha kupanga chenye dirisha. Mwenye nyumba alisita kidogo, akataka kujua mimi ni mtu wa namna gani. Nikamwambia asinisikilize mimi, aje maktaba Jumatatu asubuhi ajionee.